Kibanda Chetu Katika Jumba la Maduka
Hotuba ya Halmashauri Ndogo ya Biashara, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano wa mwaka uliopita mlituagiza tuchunguze kibanda cha Chama kilichomo katika jumba la maduka hapa Nairobi, kisha tuje tuwaambie kama yafaa kiendelee ama kifungwe. Agizo hilo tumelitimiza. Tumezipitia hesabu zote, tumeketi kibandani kwa zamu, tumesema na wauzaji wetu na wa vibanda jirani, na tumekwenda Machakos kuonana na mama zetu wanaosuka vyondo. Leo hatukuja na maneno matamu wala machungu. Tumekuja na yale tuliyoyaona. Na twaomba uamuzi upatikane leo hii, kwa sababu mapatano yetu yanakwisha tarehe 31 Desemba, na notisi ya kutoka ni ya siku 90. Mwezi huu wa Septemba ukituponyoka, tutakuwa tumejifunga kwa mwaka mwingine mzima, tupende tusipende.

Kwanza tuwakumbushe tulikoanzia. Mwaka 2022 mkutano huu ulikubali kutoa shilingi 260,000 katika mfuko wa Chama. Kati ya hizo, 120,000 zilikuwa amana ya kodi ya miezi mitatu, 80,000 zikamlipa seremala aliyetutengenezea kibanda cha mbao na kioo, na 60,000 zikanunua bidhaa za kwanza. Yatupasa tuseme wazi kwamba mfuko huo si mfuko wa biashara. Ndio mfuko unaotuzikia maiti wetu na kuwalipia karo watoto waliofiwa. Kila mmoja aliyeketi hapa ana senti zake mle ndani. Basi tunaposema juu ya kibanda, hatusemi juu ya mbao na kioo. Twasema juu ya fedha ambazo siku moja mjane atakuja kuziuliza.

Kwa nini tuliingia katika jumba kubwa? Wengi wetu twakumbuka siku ambazo duka lilikuwa duka tu, lenye mlango wake wa barabarani. Jumba la Sarit Centre lilipofunguliwa Westlands mwaka 1983, kukusanya maduka mengi chini ya paa moja kulikuwa ni jambo geni mjini humu. Tangu hapo majumba ya namna hiyo yameongezeka, hata yakafika katika mitaa ya watu wa kawaida na katika miji mingine ya nchi. Tulipotazama tukaona uzuri wake: mvua hainyeshei bidhaa, askari wako mlangoni, taa hazizimiki upesi, vyoo ni safi, na hakuna anayekuja kumfukuza mchuuzi na kubeba mali yake. Mtu aliyewahi kuuza kando ya barabara anajua thamani ya mambo hayo. Tukasema moyoni kwamba vyondo vya mama zetu vimepata nyumba inayostahili.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Kibanda chetu kina upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili, nacho kimesimama katikati ya ukumbi. Hakina ukuta wala mlango. Usiku hufunikwa kwa turubai na kufungwa kufuli. Muuzaji hana pa kujificha: watu humwona mbele na nyuma, na akila chakula chake cha mchana hukila akiwa amewainamia wateja.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba mtu akodiye kibanda katika jumba kubwa hanunui mahali. Mita tatu za sakafu hazina thamani yoyote. Anachonunua ni nyayo za watu wapitao. Wenye jumba huuza nyayo, na bei ya nyayo hubadilika kila baada ya hatua kumi. Palipo na ngazi za umeme pana bei yake, karibu na mlango wa supamaketi pana bei yake, na ile pembe ya kuelekea vyooni nayo ina bei yake. Kwa hiyo mkodishaji mwenye busara huenda kwanza akakaa pale anapotaka kukodi, akahesabu, kabla hajatoa hata shilingi moja. Sisi hatukufanya hivyo. Tuliongozwa na macho, tukaona umati, tukafurahi.

Mwaka huu ndipo tulipohesabu. Jumamosi moja, tangu saa tano asubuhi hadi saa sita, tuliketi pale tukiwa na punje za mahindi mfukoni, tukahamisha punje moja kwa kila watu kumi. Walipita watu 410 hivi. Waliosimama kutazama walikuwa 19. Waliouliza bei walikuwa sita. Walionunua walikuwa wawili. Jumanne iliyofuata, saa ile ile, walipita watu wasiotimia 100, na hakununua mtu. Tangu siku hiyo tumeacha kusema, "Pale pana watu wengi." Wengi wao wamekuja kupumzika katika ubaridi, au kuwatembeza watoto, au kumngoja mwenzao atoke benki. Hawana kosa lolote. Lakini kodi yetu hutozwa kwa hesabu ya wapitao, nasi twaishi kwa hesabu ya wanunuzi.

Tena siku hazilingani. Mwisho wa mwezi, watu walipwapo mishahara, kibanda huchangamka. Mwezi wa Agosti na Desemba, wageni na jamaa waishio ng'ambo wanapokuja, vyondo hutoka vizuri. Januari, wazazi wakiwa wanatafuta karo, muuzaji wetu hukaa siku nzima akipangusa vumbi. Lakini kodi ya Januari ni ile ile ya Desemba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Natufungue daftari, twende polepole, kila mtu afuate.

Kodi ya mwezi ni shilingi 40,000. Juu yake kuna ushuru wa ongezeko la thamani, asilimia 16, yaani shilingi 6,400. Mfanyabiashara mkubwa aliyeandikishwa katika ushuru huo aweza kuudai kwa hesabu zake. Sisi mauzo yetu hayafiki shilingi milioni tano kwa mwaka, hatukuandikishwa, na kwa hiyo fedha hizo zikitoka zimetoka. Ada ya huduma, maana yake usafi, askari na taa za ukumbi, ni shilingi 6,000. Umeme wetu wenyewe ni 2,000. Mshahara wa muuzaji ni 24,000. Jumla ni shilingi 78,400 kwa mwezi, kabla hatujafikiria leseni ya kaunti ya kila mwaka, nauli ya mizigo, au makato ya malipo ya simu.

Kiondo cha kadiri tunakinunua kwa mama kwa shilingi 900, tukakiuza kwa 1,500. Faida yaonekana kuwa 600. Lakini tangu Julai 2023 mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni moja na hayakuzidi milioni 25 hutozwa ushuru wa asilimia tatu. Angalieni neno hili: hutozwa juu ya mauzo, wala si juu ya faida. Asilimia tatu ya 1,500 ni shilingi 45. Basi faida ya kiondo kimoja ni 555. Gawanyeni 78,400 kwa 555, mtaona kwamba yatupasa kuuza vyondo 142 kila mwezi ili tusipate wala tusipoteze. Ni karibu vyondo vitano kwa siku, Jumapili na siku kuu zikiwemo, na Januari ikiwemo.

Tukaipeleka hesabu hiyo Machakos. Mama zetu wakacheka, kisha wakanyamaza. Maana kiondo hakitoki katika mashine. Mkonge hukatwa, hukwanguliwa, huanikwa, nyuzi husokotwa juu ya paja, hutiwa rangi, ndipo kusuka kuanze, tangu kitako hadi ukingo, mzunguko kwa mzunguko. Zamani Ukambani walitumia hata nyuzi za magome ya mbuyu. Msusi mwenye shamba, mbuzi na wajukuu akijitahidi atamaliza kimoja kwa juma. Kwa kipimo hicho, vyondo 142 kwa mwezi vyahitaji wasusi 36 wasiougua, wasiolima, wala wasiokwenda matangani. Wasusi wetu ni 14.

Sasa mtauliza: ikiwa hivyo ndivyo, kibanda kimeishije tangu 2022 hata leo? Swali hilo ndilo kiini cha hotuba yetu, na jibu lake halikutupendeza.

Kibanda kimeishi kwa sababu kimeacha kuwa kile mlichokianzisha. Katika miezi mitano ya kwanza kilikula hasara. Mwezi wa sita muuzaji wetu, ambaye ni kijana mwerevu na mwaminifu, alikwenda Kamukunji akaleta dazani mbili za vifuniko vya simu, vilivyotengenezwa Uchina. Vilikwisha kwa siku nne. Akaleta vingine. Kisha zikaja waya za kuchajia, miwani ya jua, na vikuku vya plastiki. Hakuna aliyekutana akaamua hivyo. Hakuna kumbukumbu ya mkutano yenye uamuzi huo. Ni kodi iliyoamua. Kila mwezi ilipodai 40,000 iliisukuma bidhaa inayokwenda pole, ikaivuta bidhaa inayokwenda mbio. Vyondo vilishuka kutoka rafu ya juu hadi ya kati, na kutoka ya kati hadi chini, karibu na sakafu, pale ambapo mteja hana budi kuinama ili avione.

Mwezi wa Mei mwaka huu mama mmoja wa wasusi wetu alikuja Nairobi kumtazama bintiye hospitalini. Alipotoka huko alitaka kuona duka la Chama, kwa kuwa alikuwa amelisikia miaka yote bila kuliona. Mmoja wetu akampeleka. Alipanda ngazi za umeme kwa hofu kidogo, akafika, akasimama mbele ya kibanda. Akatazama juu, akatazama katikati. Kisha akauliza kwa upole, "Na zetu ziko wapi?" Muuzaji akainama, akavitoa vyondo vitatu, akavipangusa kwa kitambaa. Mama akakishika kimoja, akakigeuza, akajua mkono wa aliyekisuka kwa kuutazama ukingo tu. Hakulaumu. Alisema, "Mmejitahidi, wanangu." Sisi twaona kwamba angetutukana, ingekuwa rahisi zaidi.

Bwana Mwenyekiti, hatuwacheki wauzao vifuniko vya simu. Ni biashara halali, na wengi wanawasomesha watoto wao kwa hiyo. Lakini mkutano huu haukutoa fedha za maiti na za karo ili tuuze vifuniko vya simu. Ulizitoa ili kazi ya mikono ya mama zetu ipate soko. Ikiwa kibanda chaweza kuishi kwa kuwasahau wao tu, basi hicho si kibanda chao tena.

Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba zile nyayo tunazozinunua si mali ya anayetuuzia. Aghalabu watu huja katika jumba kubwa kwa ajili ya duka moja kubwa, hasa supamaketi. Sisi wadogo huishi katika kivuli chake kama uyoga chini ya mti. Mti ukianguka, kivuli kimekwisha. Nchi nzima ilishuhudia Nakumatt, iliyokuwa na matawi Kenya na nchi jirani, ilivyodhoofika mwaka 2017, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na hatimaye wadai wake wakapiga kura Januari 2020 ifungwe kabisa. Magazeti yaliandika juu ya madeni ya mabilioni. Machache yaliandika juu ya mwenye kibanda cha saa au cha maua, aliyekuwa akilipa kodi ile ile huku ukumbi wake umegeuka uwanja mtupu.

Tena kuna mambo ambayo hakuna mkodishaji wala mwenye jumba ayawezaye. Hatuwezi kulisahau jumba la Westgate, lililoshambuliwa tarehe 21 Septemba 2013, wakauawa watu 67, miongoni mwao wafanyakazi na wateja wa siku ya Jumamosi kama tuijuavyo sisi. Jumba hilo halikufunguliwa tena mpaka Julai 2015. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na kumbi zikanyamaza. Mwenye duka la mtaani siku hizo aliweza walau kuwauzia majirani. Mwenye kibanda ndani ya jumba hana jirani. Watu wakiacha kuja, ameketi peke yake na kodi yake.

Jambo la tatu ni karatasi tuliyotia sahihi. Hapa twakiri kosa letu, kwa maana tuliisoma ukurasa wa kwanza tukatia sahihi ukurasa wa mwisho.

Iko sheria ya mwaka 1965 iliyotungwa ili kuwalinda wapangaji wa maduka, mahoteli na nyumba za kuuzia vyakula. Ndiyo iitwayo Sura ya 301. Kwa ufupi yasema hivi: ikiwa upangaji wako haukuandikwa, au umeandikwa lakini si wa zaidi ya miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kuongeza kodi wala kukuondoa kwa neno la mdomo. Hana budi kukupa notisi kwa namna iliyowekwa, ya miezi isiyopungua miwili, nawe una haki ya kulipeleka shauri lako mbele ya baraza la kodi za nyumba za biashara kabla ya siku ya notisi kufika. Ndiyo sababu mtaona mikataba mingi ya maduka makubwa imeandikwa miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita: imerushwa ukuta wa sheria hiyo kwa hatua moja.

Lakini kibanda cha ukumbini aghalabu hakipewi mkataba wa upangaji hata kidogo. Hupewa karatasi iitwayo idhini ya kutumia mahali. Maneno hayo yaonekana madogo. Maana yake, wenye jumba watakuambia, ni kwamba wewe si mpangaji. Wewe ni mtu aliyeruhusiwa kusimama. Hivyo ndivyo ilivyotukuta mwaka jana, wasimamizi wa jumba letu walipotuandikia barua kwamba kibanda kihame kutoka karibu na ngazi za umeme hadi upande wa lifti ya mizigo, kwa kodi ile ile. Tulipolalamika tulionyeshwa kifungu cha tisa cha karatasi yetu wenyewe. Kilikuwa pale tangu mwanzo, kwa herufi ndogo, kikitungoja. Na mwezi uliopita imekuja barua nyingine, kwamba atakayetaka kuendelea mwakani kodi yake itakuwa shilingi 48,000. Kwa hesabu ile ile, vyondo 142 vitakuwa vyondo 158.

Haingekuwa haki tukiwaambia mabaya peke yake. Kibanda kimetufundisha mengi ambayo tusingeyajua tukikaa barazani. Tumejifunza kuandika mauzo kila jioni, na kulinganisha daftari na ujumbe wa malipo ya simu kabla ya kufunga turubai. Tumejifunza kuandika bei juu ya kila kitu, kwa sababu mteja wa jumba kubwa akiona haya ya kuuliza huondoka. Tumejua kwamba kiondo chenye mshipi wa ngozi ulioshonwa vizuri hununuliwa upesi kuliko kile chenye kamba, na kwamba rangi za udongo hupendwa na wageni, ilhali wenyeji hupenda nyekundu na buluu. Mambo hayo tumeyapeleka kwa wasusi, nao wameyatumia. Kijana wetu muuzaji alianza akiwa hajui kujumlisha ukurasa mrefu. Leo anatunza hesabu kuliko baadhi yetu. Na zaidi ya yote, tunayo orodha ya wateja 63 waliotoa nambari zao za simu ili waarifiwe vyondo vipya vikifika. Watu hao 63 si wapitaji. Wana thamani kuliko wale 410 wa Jumamosi.

Tena deni la mfuko limepungua. Kati ya shilingi 260,000, tumekwisha kurudisha 190,000. Zimebaki 70,000. Hili ndilo tunaloomba mlitie moyoni: ile amana ya shilingi 120,000 bado iko mikononi mwa wenye jumba. Tukitoka kwa notisi, bila deni wala uharibifu, itarudi. Mfuko wa maiti na karo utalipwa wote, na zitabaki shilingi 50,000 za kuanzia njia nyingine. Lakini tukiingia mwaka mpya kwa kodi mpya, kisha tukashindwa katikati, amana ndiyo itakayoliwa kwanza.

Basi shauri letu ni hili, katika mambo manne.

Kwanza, Chama kisitie sahihi ya mwaka mwingine, na notisi ipelekwe juma hili, kwa maandishi, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokewa. Kibanda kitafanya kazi Oktoba, Novemba na Desemba, na katika miezi hiyo vyondo virudi rafu ya juu.

Pili, tangu Januari vyondo viende sokoni kwa siku, visikae sokoni kwa mwaka. Soko la Kimasai hapa Nairobi huhama mahali hadi mahali kwa siku za juma, na baadhi ya majumba makubwa hulikaribisha kwa siku yake. Mchuuzi hulipia siku aliyouza, akakunja shuka lake akaenda. Ada ya siku moja haiwezi kumlazimisha mtu kuuza vifuniko vya simu. Na mwezi wa Agosti na Desemba, tukiona yafaa, tukodi meza katika jumba kwa majuma machache, nyayo zikiwa nyingi kweli.

Tatu, wale wateja 63 wahudumiwe kwa simu na kwa maagizo. Msusi asuke kiondo ambacho mwenyewe amekwisha julikana. Kwa njia hiyo wasusi 14 watatosha.

Nne, isitolewe tena hata shilingi moja ya mfuko wa maiti na karo kwa ajili ya biashara yoyote, hata iwe nzuri namna gani. Atakayependa biashara achange hisa zake mwenyewe, akijua kwamba hisa huweza kupotea. Fedha ya mjane haina ruhusa ya kupotea.

Twajua wako ndugu watakaosema kwamba tukitoka katika jumba kubwa tutachekwa, kwamba wenzetu wa vyama vingine watasema tumeshindwa. Neno hilo tumelipima. Ni kweli kwamba tulijivuna kuiona meza yetu chini ya taa zile. Lakini fahari hiyo tulikuwa tukiilipia shilingi 78,400 kila mwezi, na aliyekuwa akiigharimia ni yule mama aliyeuliza, "Na zetu ziko wapi?" Mtu akivua koti asiloweza kulilipia hakufanya la aibu.

Wala hatusemi mtu asikodi kibanda katika jumba la maduka. Vijana wetu watakaotaka kujaribu kwa fedha zao wenyewe, twawaombea heri, nasi tutawasaidia kwa tuliyojifunza. Wakakae kwanza na punje za mahindi, Jumamosi na Jumanne. Wajue ni bidhaa ngapi watauza kabla ya kupata senti ya kwanza, na waulize kama bidhaa hiyo yaweza kupatikana kwa wingi huo. Waisome karatasi yote, hata kifungu cha tisa, wakamwonyeshe wakili kabla ya sahihi. Na wajiulize usiku, wakiwa peke yao: hiki ninachouza nimekichagua mimi, ama kimechaguliwa na kodi?

Bwana Mwenyekiti, funguo za kibanda na daftari zote tumeziweka juu ya meza ya katibu. Kila mwanachama yuko huru kuzikagua kabla ya kura. Wasusi wetu wameleta vyondo 11 leo, viko pale mlangoni, na bei zake zimeandikwa. Atakayependa kukinunua kimoja akipeleke nyumbani, basi ameanza kulitekeleza shauri letu kabla halijapitishwa.